Mwalimu wa kambini akimgeuzia mtoto namna ya kushika upinde, nimfuate nani?

Swali la msomaji: "Mwalimu, binti yangu ana miaka saba na anapiga violini kwa njia ya Suzuki hapa Minnesota tunakoishi. Yuko Kitabu cha 1, ndiyo kwanza ameanza wimbo wa Minuet 1. Mwalimu wake anatuhimiza twende kambi ya wiki moja ya majira ya joto kule Stevens Point, Wisconsin. Nimeona mfano wa ratiba: atakuwa mikononi mwa walimu watatu wasiomjua kabisa. Tumehangaika mwaka mzima hadi akajua kushika upinde. Wakimgeuzia, nimfuate nani? Halafu kwa nini mzazi akae darasani siku nzima? Mimi nimekulia Mombasa, sijui hata nota moja."

Dada yangu, nianze na upinde, maana naona ndio unaokunyima usingizi. Wiki ile ya kambi mfuate mwalimu wa kambini. Mkirudi nyumbani, mwalimu wenu ndiye mwenye neno la mwisho. Na pale maneno yao yanapogongana, uliza papo hapo kabla hujaamua nani kakosea, kwa sababu mara nyingi hakuna aliyekosea.

Chukua huo mkono wa kulia. Wapo walimu wanaomwanzisha mtoto kidole gumba kikiwa nje, chini ya kile kipande cheusi cha mwisho wa upinde ambapo singa zimefungiwa. Suzuki mwenyewe, Mjapani aliyeianzisha njia hii, aliwaanzisha wadogo hivyo, kwa kuwa mkono mdogo hupata mahali papana pa kushika na kidole hukunjika bila kulazimishwa. Wapo wanaokiingiza ndani tangu siku ya kwanza, kwenye ile kona kipande hicho kinapokutana na kijiti. Njia zote mbili zinafika mahali pamoja: mkono ukikomaa, kidole gumba kinakaa ndani. Wanachobishania ni wakati wa kukihamisha. Huyu anakihamisha katikati ya Kitabu cha 1, yule anangoja Kitabu cha 2, mwingine haangalii kitabu, anaangalia kama kidole kidogo kimeacha kukakamaa.

Sasa mwalimu wa kambini anamtazama binti yako siku ya Jumatatu na kusema: huyu yuko tayari, kidole kiingie ndani. Ameona sawa. Asichojua, tuseme, ni kwamba miezi michache nyuma mlijaribu, kidole kidogo kikakakamaa, mwalimu wenu akaona bora msubiri. Habari hiyo unayo wewe peke yako chumbani mle. Basi iseme, kwa adabu na kwa ufupi: "Mwalimu, hilo tulilijaribu, kidole kidogo kikakaza, tukaambiwa tungoje. Wiki hii tushike lipi?" Mwalimu wa kambi anayejua kazi yake atalegeza hapo hapo na kutafuta jambo jingine la kufanya na mkono ule, na mambo hayakosi. Katika kazi hii tunajua kwamba mtoto wa kambini ana mwenyewe. Mimi nikiwa kambini sijioni na haki ya kubomoa alichojenga mwenzangu, hata pale ambapo ningejenga vingine. Anayesema mbele ya mtoto "nani alikufundisha hivi?" amevunja miiko, hata kama anapiga kazi za mtunzi Bach kama malaika.

Nisikufiche: yapo mambo ambayo walimu tunatofautiana kweli. Vile vibandiko vya kuonyesha vidole vikae wapi kwenye shingo ya violini, kuna anayetaka vibanduliwe mapema mtoto ategemee sikio, na kuna anayeviacha mwaka mzima zaidi. Sifongo ya begani au kile kitegemeo cha kununua dukani, tunabishana. Usomaji wa nota uanze lini, tunabishana zaidi. Ukikutana na ubishi wa namna hii, andika daftarini alichosema, mfanyie kwa wiki moja, umpelekee mwalimu wenu. Wiki moja ya kupiga bila vibandiko haimharibu mtoto.

Labda unajiuliza mtu asiyemjua mtoto anawezaje kumsaidia kwa siku tano. Jibu liko kwenye namna mpango wenyewe ulivyoundwa. Shinichi Suzuki alizaliwa Nagoya mwaka 1898, mtoto wa mwenye kiwanda cha violini, akaenda kusoma Berlin miaka ya 1920 kwa mwalimu Karl Klingler, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia akaweka makao yake katika mji wa Matsumoto. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuieleza: kila mtoto wa Kijapani anazungumza Kijapani, lugha ngumu, na hakuna aliyemchuja kwanza kama ana kipaji: anasikia, anaiga, anarudia, anapongezwa. Muziki nao ufundishwe hivyo. Kwa hiyo akapanga nyimbo kwa utaratibu mmoja, kitabu hadi kitabu, kumi kwa upande wa violini, na kila mtoto anapita njia ile ile.

Matokeo yake yalionekana hapo Marekani mwaka 1958, filamu ya watoto 750 wa Japani wakipiga pamoja kazi ya Bach ya violini mbili ilipoonyeshwa Oberlin, Ohio. Walimu waliona wakadhani macho yanawadanganya. Mwalimu wa violini John Kendall akafunga safari ya Japani mwaka uliofuata kwenda kujionea, na mwaka 1964 Suzuki akaja mwenyewe na watoto kumi. Mwaka 1971 mwalimu mmoja, Margery Aber, akaanzisha kambi Stevens Point, ya kwanza ya aina yake nchini humo. Kwa hiyo mnakwenda kwenye mama wa kambi nyingi zilizofuata.

Kwa kuwa nyimbo ni zile zile, mwalimu aliyetoka Texas akimsikia binti yako akianza Minuet 1 anajua tayari pa kutazama. Nyimbo za mwanzo za kitabu kile, kuanzia Twinkle, zinamzoeza kidole cha pili kikae mbali na cha kwanza, karibu na cha tatu. Akifika Etude na zile Minuet, kidole hicho hicho kinatakiwa kirudi nyuma kiguse cha kwanza. Karibu kila mtoto duniani anateleza hapo; sauti inapanda juu kidogo na mtoto mwenyewe haisikii. Mwalimu wa kambi ameshauona mteremko huo kwa watoto wasiohesabika. Hahitaji wiki tatu za kumzoea ndipo ajue tatizo, na ana njia nyingi za kulisema. Mwalimu wenu analijua pia, lakini amelisema kwa maneno yake yale yale tangu machipuko, na sikio la mtoto limeyazoea hadi hayaingii tena. Sauti ngeni ikisema jambo hilo hilo, mtoto anageuka kama ndiyo mara ya kwanza kulisikia. Mzazi wa pembeni huumia roho: "Si ndiyo tunayomwambia kila siku?" Ndiyo. Umia kimya kimya.

Nije kwenye darasa lenyewe. Kambi nyingi huweka watoto wanne kwa mwalimu mmoja kwa saa moja, kila siku mwalimu yule yule. Kila mtoto ana dakika kumi na tano zake, wengine watatu na wazazi wao wakitazama. Fanya hesabu: dakika kumi na tano mara siku tano ni dakika sabini na tano kwa wiki nzima. Ndani ya muda huo mwalimu hawezi kumjenga mtoto upya, na anayejaribu anapoteza muda wa wote. Anachofanya mwalimu mzuri ni kuchagua jambo moja. Mtoto anainama kusalimu, anapiga wimbo mzima bila kukatizwa, mwalimu anasema kitu cha kweli kilichompendeza, halafu anashika jambo moja tu na kulifanyia kazi hadi muda unaisha. Binti yako atakosea mambo mengine matano masikioni mwako na mwalimu atayapita kama hayakutokea. Usidhani hakuyasikia. Ameyasikia yote na ameyaacha makusudi.

Tazama pia lile jambo moja linavyobebwa. Jumatatu ni kiwiko cha kulia kifunguke. Jumanne bado ni kiwiko, kwenye wimbo mwingine. Jumatano kiwiko huku akipiga polepole kwa sauti kubwa. Alhamisi mtoto wa pili ndiye anayeulizwa: "Umeona kiwiko chake kilifanya nini?" Kufikia Ijumaa watoto wote wanne wana kiwiko kinachofunguka, ingawa ni mmoja aliyefundishwa. Mimi naona hapo ndipo thamani ya ada yako ilipo, katika zile dakika arobaini na tano ambazo binti yako amekaa chini akitazama wenzake, zaidi ya kumi na tano zake mwenyewe. Kwa hiyo usimtoe nje akajinyooshe mara zamu yake inapokwisha. Wanafanya hivyo wazazi wengi, na walimu hatupendi.

Darasa la pamoja ni habari nyingine. Hapo watakuwa watoto kumi na tano au ishirini wa kiwango kimoja, na mwalimu anayeliongoza ana kipawa tofauti kabisa na yule wa darasa la wanne. Litaonekana mchezo mtupu. Watapiga wimbo wa Perpetual Motion wakitembea. Mwalimu atawasimamisha katikati ya wimbo, waupige vichwani kimya kwa mistari miwili, kisha waingie tena pamoja. Mtoto atakuwa anapiga Allegro huku mwalimu anamuuliza mbwa wake anaitwaje, na anatakiwa ajibu bila kusimamisha upinde. Mchezo huo unapima kitu: kama wimbo umeingia mkononi kiasi kwamba akili imebaki huru. Mtoto anayeganda kwenye jina la mbwa bado anaupiga wimbo kwa kichwa. Nikisema ukweli wangu, wapo walimu wa madarasa haya wanaozidisha uchekeshaji hadi watoto wanatoka wamecheka saa nzima na violini zao hazijalia dakika ishirini. Ukimpata wa hivyo, saa moja kwa siku si msiba. Watoto wanampenda na hamu ya kurudi kambini mwaka ujao inatoka kwake.

La tatu kwenye ratiba huwa la ziada: okestra ya wadogo, nyimbo za fidla za vijijini Marekani, au mwendo na mapigo ya muziki kwa mwili. Kwa miaka saba ningechagua la mwendo. Okestra inaweza kungoja.

Sasa kuhusu wewe na nota zako. Katika mpango huu mwalimu, mzazi na mtoto ni pande tatu, na upande wa mzazi ndio unaofanya kazi siku sita za wiki. Suzuki alikuwa akimfundisha mama kwanza kupiga Twinkle, mtoto akitazama, hadi mtoto aombe violini mwenyewe. Kwetu tumelelewa vingine: mwalimu ni mzazi wa pili, unamkabidhi mtoto getini unarudi zako. Kambini ukifanya hivyo umelipia nusu. Na kutojua nota hakukupunguzii kitu hapa. Umekulia Mombasa, umezisikia fidla za taarabu maharusini. Wengi wa waliozipiga walijifunza kwa sikio, wakiwa wamekaa kando ya mkubwa wao. Binti yako anafundishwa kwa mlango huo huo. Sikio unalo.

Unachohitaji ni daftari na utulivu. Andika mahali kwenye wimbo, kiungo cha mwili, na maneno ya mwalimu kama alivyoyasema. "Minuet 1, mstari wa pili, kidole cha pili kilale karibu na cha kwanza, apige mara tano huku anaimba jina la kidole." Hiyo inatosha kwa siku. Usiandike "kazi nzuri" au "aongeze bidii", hayatakusaidia mwezi wa tisa. Andika kwa lugha utakayotumia kumwambia mtoto jioni. Kama nyumbani mnaongea Kiswahili, andika Kiswahili. Kurekodi video, omba ruhusa kwanza, kwa sababu kuna watoto wa wenzako kwenye picha.

Na jambo moja zito kwa wazazi wa kwetu, nami nalisema kwa upendo: mwalimu akimuuliza mtoto, mwache mtoto ajibu. Usimwombee radhi ("samahani mwalimu, leo amechoka, nyumbani anapiga vizuri"). Usimkemee ukiwa kiti cha nyuma ("msikilize mwalimu, simama wima!"). Mtoto akianza kutazama uso wako kila anapokosea, mwalimu amempoteza, na dakika kumi na tano hizo hazirudi. Nyuma ya chumba utaona pia watu wazima wanaoandika kwa kasi. Hao ni walimu wanafunzi, wamekuja kusomea kazi, na kutazama wengine wakifundisha ni sehemu ya masomo yao. Hawampi binti yako alama yoyote. Mwambie mapema asije akaogopa.

Hukuuliza kuhusu sifa za walimu, lakini najua utauliza. Bara la Amerika linasimamiwa na Suzuki Association of the Americas. Mwalimu anaanza na kozi fupi ya utangulizi, kisha anasomea kitabu kimoja kimoja kwa mkufunzi aliyeidhinishwa, na kila hatua inaandikishwa. Chama hicho hakitoi cheti cha kusema fulani sasa ni "mwalimu wa Suzuki" kamili, kwa hiyo anayekutajia cheti cha namna hiyo, mwulize kwa upole amesomea hadi kitabu cha ngapi. Hilo ndilo swali lenye jibu. Ulaya utaratibu ni tofauti, kuna ngazi tano na mitihani, na nchi za Afrika ziko chini ya chama cha Suzuki cha Ulaya; ndugu yako akiuliza kutoka Nairobi, jibu lake si hili la Amerika.

Jitayarishe na uchovu. Kufika katikati ya wiki watoto wa umri huo hulia kwa sababu ndogo, mara soksi, mara chakula. Jioni mkiwa mnakolala usimfanyishe mazoezi ya kawaida. Robo saa ya lile jambo moja la siku inatosha, halafu mpeleke akacheze nje. Kuna tamasha la pamoja ambalo huanza na nyimbo ngumu za vitabu vya juu na kushuka hadi Twinkle. Wakubwa wanaanza, wadogo wanasimama na kuingia kadiri wimbo wanaoujua unapofikiwa. Mpe kitu cha kutafuna kabla, kwa sababu zamu yake itakuwa mbali.

Ni lini useme hapana bila kungoja kurudi nyumbani? Mtoto akisema panauma. Bega, shingo, kifundo cha mkono, popote. Mzazi hahitaji kujua muziki ili asimamishe maumivu, na mwalimu yeyote anayemwambia mtoto wa miaka saba avumilie maumivu, mtoe mtoto darasani umwone msimamizi wa kambi mchana huo huo. Angalia kwanza kama violini si kubwa mno: akinyoosha mkono wa kushoto, vidole vinatakiwa vizunguke kichwa cha violini huku kiwiko kikiwa kimekunjika kidogo. Mara nyingi mzazi amenunua ya kukulia kama sare ya shule.

Mkirudi, usimwage daftari lote mbele ya mwalimu wenu somo la kwanza. Mtumie ujumbe kabla: haya ndiyo mambo mawili tuliyofanyia kazi, hili moja linatofautiana na lako, uamue. Akisema turudi tulikokuwa, rudini bila manung'uniko. Mara nyingi atachukua sehemu na kuacha sehemu, na wala hataona amedharauliwa. Yeye ndiye aliyewatuma.

Kuhusu fomu ya kujiandikisha kambini: mahali wanapouliza wimbo wa mwisho anaoumudu, usiandike Minuet 1. Umesema ndiyo kwanza ameianza, na ukiiandika atapangwa na watoto wanaokaribia kumaliza kitabu, ashinde wiki nzima akikimbizana na nota. Andika wimbo anaoupiga wote bila kusimama na bila wewe kumkumbusha. Kama huo ni Allegretto, ni Allegretto. Minuet waifanye na mwalimu wake mwezi wa nane.